Namba Zetu Zimelala Kabatini: Vyuo Vyetu na Viwanja vya Intaneti

Makamanda, tangu intaneti ilipozimwa nchi nzima tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, mazungumzo yetu kuhusu mtandao yamekuwa ya aina moja tu. VPN gani inashika? X itafunguliwa lini? Nani ana laini ya nje? Nayaelewa maswali hayo na mimi nimeyauliza. Lakini leo naomba tushuke chini kidogo, mpaka kwenye swali ambalo hatuliulizi: njia zenyewe za intaneti ni za nani? Na kama chuo kikuu kinaruhusiwa kuwa na njia yake, kwa nini kikubali kuwa mpangaji maisha yake yote?

Nianze na maelezo kidogo, maana bila hayo hatutaelewana.

Kila kinachoonekana kwenye intaneti kinahitaji anwani, ile tunayoiita IP. Anwani hizi hugawiwa kwa mafungu na masjala tano duniani. Ya kwetu Waafrika inaitwa AFRINIC, ipo Ebène, Mauritius, na ilitambuliwa rasmi mwaka 2005. Taasisi inayotaka kusimama kwa miguu yake huomba vitu viwili: fungu la anwani, na namba ya mtandao unaojitegemea, inayojulikana kama ASN. Ukishakuwa navyo, rauta yako inaweza kuziambia rauta za dunia nzima: "Anwani hizi ziko kwangu, pitieni huku." Hiyo ndiyo inaitwa kutangaza njia. Usipotangaza, jina lako lipo kwenye daftari la Mauritius, lakini hakuna mtu duniani anayeweza kukufikia kwa namba hizo.

Sisi tunaosoma sheria tuna mfano wa karibu sana, nao ni kiwanja. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini, na wewe unapewa haki ya kumiliki yenye masharti. Sharti mojawapo ni kuendeleza. Ukikiacha kiwanja kikaota majani, mambo mawili yanaweza kukupata: hati yako inaweza kufutwa, au siku moja unafika na kukuta mtu ameshajenga. Namba za intaneti ziko hivyo hivyo. AFRINIC haikuuzii anwani, inakupa haki ya kuzitumia kulingana na mahitaji uliyoeleza. Na zikikaa bila kutumika, wavamizi wapo.

Sasa hebu fikiria chuo. Mwaka fulani unakuja mradi wa wafadhili, namba zinaombwa, zinapatikana, picha zinapigwa. Mradi unaisha. Mtaalamu aliyekuwa anajua kuzitangaza anahamia benki au anakwenda nje. Inakuja kampuni ya simu na mkataba wake: "Msihangaike, sisi tutawapa anwani zetu." Chuo kinasaini. Namba zake zinabaki kabatini, na barua pepe ya mtu anayetambulika kama msimamizi wake ni ya mtu aliyeacha kazi zamani. Simtaji mtu wala chuo hapa. Ninachosema ni kwamba mambo huharibika kwa mtindo huu, na Afrika ina taasisi nyingi ambazo ukitafuta jina lao kwenye daftari la AFRINIC utalikuta, ila ukitafuta namba zao barabarani huzioni.

Mtu anaweza kusema: sasa hasara iko wapi? Mtandao si unafanya kazi? Hasara ni tatu.

Ya kwanza ni kufungwa kwenye mkataba. Ukitumia anwani za kampuni, siku ukitaka kuhama lazima ubadilishe anwani za seva zako zote: tovuti, mfumo wa matokeo, maktaba, barua pepe. Ni kazi kubwa, kwa hiyo watu hawahami. Kampuni inajua hawahami, na bei inapangwa kwa kujua hivyo. Bei hiyo hailipwi na mkuu wa chuo. Inalipwa na ada zetu na kodi za wazazi wetu. Ukiwa na anwani zako na ASN yako, unaweza kuunganishwa na kampuni mbili au tatu kwa pamoja. Moja ikianguka, njia inahamia nyingine yenyewe. Mnakumbuka Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi? Siku kama hiyo, mwenye njia tatu na mwenye njia moja hawalali usingizi sawa.

Ya pili ni wizi, na hapa naomba msome kwa makini, maana hili limeshatokea. Mwaka 2019 iligundulika kwamba mafungu makubwa ya anwani za Afrika yalikuwa yamechukuliwa kimyakimya na kupelekwa sokoni. Tuhuma ziliangukia ndani ya AFRINIC yenyewe, kwa mtumishi wa siku nyingi. Ukaguzi wa AFRINIC uliotolewa Januari 2021 ulihesabu zaidi ya anwani milioni 4 zilizochotwa kutoka ghala lake au kuchezewa kwenye daftari. Waliolengwa hasa ni wale waliolala: taasisi na kampuni zilizopewa anwani zamani, kabla hata AFRINIC haijaanzishwa, zikabadilisha majina, zikafilisika au zikasahau. Nyingine zilikuwa za Afrika Kusini. Mwizi hakuvunja mlango. Alitafuta nyumba ambayo taa haijawashwa miaka kumi, akabadilisha jina la mwenye nyumba kwenye daftari, akapangisha.

Kwa nini mtu aibe namba? Kwa sababu ni fedha. Anwani za mtindo wa zamani, IPv4, zimekwisha duniani, na zilipopanda sana bei, anwani moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 50. Fungu la kawaida la zamani lina anwani 65,536. Piga hesabu kwa dola 20 tu: ni zaidi ya dola milioni 1.3. Wakati huohuo, tangu Januari 2020, AFRINIC haitoi zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Kwa hiyo chuo chenye fungu la zamani kabatini kina kitu ambacho leo hakiwezi kukipata tena hata kikiomba kwa kupiga magoti.

Ya tatu ni kura, na nadhani hii ndiyo ya kwetu zaidi.

AFRINIC ni taasisi ya wanachama. Mwenye namba ana kura ya kuchagua bodi. Sasa tazameni yaliyotokea. Kampuni moja iliyosajiliwa Ushelisheli, Cloud Innovation, ilipata zaidi ya anwani milioni 6 kutoka kwenye ghala la Afrika. AFRINIC ilipotaka kuzirudisha kwa hoja kwamba hazitumiki kama ilivyoelezwa kwenye maombi, kesi zikaanza, na Julai 2021 mahakama ya Mauritius ikazuia akaunti za benki za AFRINIC. Mwaka 2022 bodi ikakosa akidi. Septemba 2023 mahakama ikateua msimamizi wa kuiendesha. Juni 2025 ukafanyika uchaguzi wa bodi, ukafutwa baada ya malalamiko kuhusu hati za uwakilishi, yaani karatasi zinazompa mtu mwingine mamlaka ya kupiga kura kwa niaba ya mwanachama. Septemba 2025 ukarudiwa, ndipo bodi ikapatikana.

Mnaona picha hiyo? Bara zima lilikaa miaka mitatu bila bodi ya kusimamia namba zake, na mgogoro wa mwisho ulikuwa ni nani anapiga kura kwa jina la nani. Sisi tunaojua maana ya kupigiwa kura usiyoipiga tulipaswa kuwa wa kwanza kushtuka. Chuo kinachosahau namba zake kinasahau na kura yake. Na kura iliyosahaulika, jamani, haikai bure. Kuna mtu anaitafuta.

Nitoe na mfano wa wenzetu, maana si Afrika tu. Marekani, chuo cha MIT kilipewa enzi hizo anwani zaidi ya milioni 16. Chuo kimoja! Sensa yetu ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, sasa linganisheni. Mwaka 2017 MIT ilitangaza hadharani kwamba takriban milioni 14 kati ya hizo hazijawahi kutumika, na kwamba itauza karibu nusu ya zote, fedha ziboreshe mtandao wa chuo na kusaidia kazi za mustakabali wa intaneti. Amazon ikanunua. Stanford nayo ilikuwa na fungu la ukubwa uleule, na mwaka 2000 ililirudisha bila kuuza, ili wengine wapate. Mtu anaweza kubishana nani alifanya vizuri zaidi. Mimi nawasifu wote wawili kwa jambo moja: walijua wana nini, wakalisema, wakaamua. Walihesabu kwanza. Sisi tuanzie hapo hapo kwenye kuhesabu.

Sasa nijibu hoja ninazozijua zitakuja.

Hoja ya kwanza: "Serikali ikitaka kukata, itakata tu, chuo kiwe na namba au kisiwe nazo." Ni kweli kwa sehemu kubwa, na sitaki kumdanganya mtu. Nyaya zinapita kwa kampuni zenye leseni za TCRA, na kampuni ikiamriwa kuzima, namba za chuo nazo zinazimika kwa nje. Lakini tazameni Misri. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 2011 karibu kampuni zote za intaneti ziliondoa njia zao ndani ya muda mfupi sana. Kampuni moja, Noor, ambayo soko la hisa lilikuwa mteja wake, ilibaki hewani siku kadhaa kabla ya kuzimwa nayo. Somo ninalolipata ni la kisheria zaidi kuliko la kiufundi. Nchi yenye milango miwili mitatu inafungwa kwa simu moja ya usiku. Nchi yenye milango mingi inahitaji amri nyingi, na amri nyingi huacha karatasi na mashahidi. Mwaka 2020 Mahakama ya ECOWAS iliihukumu Togo kwa kuzima intaneti mwaka 2017, ikisema ilikiuka uhuru wa kujieleza. Kesi kama hiyo inajengwa kwa ushahidi wa nani aliamriwa nini, na lini.

Pia kuna mawasiliano ya ndani. Dar es Salaam tuna TIX, na Arusha kuna AIXP, vituo ambako mitandao ya ndani hubadilishana data bila kutoka nje ya nchi. Chuo chenye ASN yake kinaweza kuunganishwa hapo moja kwa moja. Wanafunzi wa chuo kimoja wanaweza kufikia maktaba ya chuo kingine hata waya wa baharini ukiwa umekatika. Hilo peke yake lingetosha.

Hoja ya pili: "Vyuo havina wataalamu." Kwani vyuo hivyohivyo si ndivyo vinafundisha sayansi ya kompyuta? Tunahitimisha vijana kila mwaka wanaojua BGP ya kwenye daftari ambao hawajawahi kugusa rauta inayotangaza njia halisi. Chuo chenyewe kingekuwa maabara yao. Na si lazima kila chuo kijibebe peke yake. Majirani zetu Kenya wana KENET, mtandao wa vyuo wenye ASN yake, unaohudumia vyuo vingi kwa pamoja. Sisi tuna TERNET, ambayo nayo ipo kwa kazi ya elimu na utafiti. Kinachotakiwa ni kuipa nguvu, na vyuo kuitumia kwa ukamilifu.

Hoja ya tatu ndiyo inayotoka kwetu wenyewe: "Dada, tuna wenzetu mahabusu, tunadai Katiba Mpya, wewe unatuletea mambo ya namba?" Nakubali vipaumbele. Ila ninyi mnajua jinsi mali za umma zinavyopotea nchi hii. Hazipotei siku ya mkutano wa hadhara. Zinapotea kwenye makabati ambayo hakuna aliyewahi kuuliza kuna nini ndani: migodi, viwanja vya mashirika, nyumba za serikali. Chama kinachoomba kupewa nchi lazima kioneshe kwamba kinajua kuhesabu vitu vya umma, vikiwemo vile visivyoonekana kwa macho.

Basi tufanye nini? Habari njema ni kwamba hili halihitaji kibali cha maandamano.

Kwanza, angalia mwenyewe. Daftari la AFRINIC, linaloitwa WHOIS, liko wazi kwa kila mtu. Andika jina la chuo chako uone kama kuna ASN au fungu la anwani. Kisha chukua namba hiyo ukaitazame kwenye RIPEstat, huduma ya bure inayoonesha kama namba inatangazwa sasa hivi na ilitangazwa lini mara ya mwisho. Dakika kumi, bando dogo tu. Tahadhari moja: kusoma daftari la umma si kosa. Kujaribu kuingia kwenye rauta ya chuo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hatutaki kumpoteza mtu kwa ujinga huo.

Pili, andika barua. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kutoka kwa taasisi inayozishikilia, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Usiandike kwa karatasi ya chama. Andika kama raia na mwanafunzi, maana haki hii haihitaji kadi. Uliza maswali haya matano:

1. Chuo kina ASN au anwani za IP kwa jina lake, za IPv4 au IPv6, na tangu lini?
2. Zinatangazwa? Kama hazitangazwi, ni tangu lini na kwa sababu gani?
3. Watu wanaotajwa kwenye daftari kama wasimamizi bado ni watumishi wa chuo?
4. Ada za AFRINIC zimelipwa, na katika uchaguzi wa Septemba 2025 nani alipiga kura kwa niaba ya chuo?
5. Mkataba wa intaneti uliopo unakiruhusu chuo kutangaza anwani zake mwenyewe?

Watakuambia ni siri ya kibiashara. Jibu lako ni fupi: swali la kwanza na la pili majibu yake yako wazi duniani, hivyo hakuna siri. Watakuambia ni usalama. Waulize usalama gani unaolindwa kwa kuacha jina la mtumishi aliyeondoka liendelee kushika funguo. Na wasipojibu, weka nakala ya barua yenye muhuri wa mapokezi. Ukimya nao ni jibu, na unahesabika kwa siku.

Tatu, kwa viongozi wetu. Naomba hili liingie kwenye sera yetu ya elimu na TEHAMA kwa sentensi zinazopimika: kila chuo cha umma kiorodheshe namba zake za intaneti pamoja na mali zake nyingine na CAG azikague, kila mkataba mpya wa intaneti uruhusu chuo kutumia anwani zake, kila chuo kisaini njia zake kwa vyeti vya kidijitali vya RPKI ili mwingine asizitangaze kwa jina lake, na kila chuo kisicho na kitu kiombe IPv6, ambayo haijaisha wala haitaisha leo. AFRINIC ina punguzo la ada kwa taasisi za elimu. Kisingizio cha fedha kisije mbele.

Na wale mlio kwenye serikali za wanafunzi, mnaoingia kwenye vikao vya baraza la chuo: mwaka huu, pamoja na ajenda ya bumu na hosteli, ombeni dakika tano. Ulizeni tu kama chuo kina ASN. Kama ukumbini hakuna hata mmoja anayejua jibu, ombeni liandikwe kwenye muhtasari, na kikao kijacho muanzie hapo.